Kokoa yetu ionjwe kabla haijafika mnadani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie zao la kokoa, ambalo kwa miaka ya karibuni limekuwa likitajwa sana katika habari za biashara na za mikoani, lakini karibu kila mara kwa kilo zake na kwa bei yake ya mnadani. Mimi nataka kuzungumzia ladha yake. Sina shamba la kokoa wala sifanyi biashara yake. Ninachofanya ni kukutana na marafiki zangu mara kwa mara tukaonja chokoleti zilizotengenezwa kwa kokoa ya mahali pamoja panapojulikana, na mazoea hayo yamenifikisha kwenye msimamo ambao naamini una maslahi kwa wakulima wa Kyela, Kilombero na kwingineko. Msimamo wenyewe ni kwamba kokoa yetu ionjwe hapa hapa nchini kabla haijauzwa, na kwamba mkulima aliyeilima awe miongoni mwa waonjaji wa kwanza.

Kwa msomaji ambaye hajakutana nazo, chokoleti ninazozisema ni tofauti na zile tunazozikuta kwenye maduka makubwa karibu na mahali pa kulipia. Chokoleti ya kawaida hutokana na kokoa iliyokusanywa kutoka maelfu ya mashamba, sehemu kubwa ikiwa ya Ivory Coast na Ghana, nchi mbili ambazo kwa pamoja hutoa zaidi ya nusu ya kokoa yote duniani. Kokoa hiyo huchanganywa makusudi ili ladha isibadilike mwaka hadi mwaka, kisha huongezwa maziwa, sukari nyingi na vanila. Hizi nyingine hutoka kwenye viwanda vidogo vinavyonunua mzigo wa bonde moja au kijiji kimoja, vikaukaanga na kuusaga vyenyewe, na kuandika jina la mahali hapo kwenye karatasi ya nje. Mfano ni kiwanda cha Dandelion cha San Francisco, Marekani, ambacho chokoleti yake huwa na vitu viwili tu, kokoa na sukari, bila hata vanila, ili kusiwe na kitu cha kuifunika ladha ya kokoa yenyewe.

Ndugu yangu mmoja anayeishi Marekani ndiye aliyetupatia chokoleti za Dandelion za aina mbili, moja ya kokoa ya Ambanja kule kaskazini mwa Madagaska, na nyingine ya Kokoa Kamili, kutoka Mbingu katika Bonde la Kilombero. Zote mbili zina asilimia 70 ya kokoa. Tuliongeza ya kiwanda cha Askinosie cha Springfield, jimbo la Missouri, yenye asilimia 72, ambayo kokoa yake inatoka Mababu wilayani Kyela, na ya nne ilikuwa ya kampuni ya Original Beans, iliyotengenezwa kwa kokoa ya Virunga, mashariki mwa Kongo. Nataja asilimia kwa sababu zina umuhimu: ukilinganisha chokoleti ya asilimia 50 na ya asilimia 85 utakuwa unalinganisha sukari, na hutajua lolote kuhusu shamba.

Tulikutana asubuhi na mapema, kabla joto la Dar es Salaam halijapanda, kwa kuwa mafuta ya kokoa huyeyuka karibu na nyuzi 34, na chokoleti iliyoyeyuka ikaganda tena huota utando mweupe na kupoteza ule mlio mkavu inapovunjwa. Karatasi zote ziliondolewa na vipande vikawekwa kwenye sahani zilizoandikwa namba. Mezani palikuwa na maji ya uvuguvugu na mkate mkavu wa kusafishia kinywa kati ya chokoleti moja na nyingine. Kanuni ilikuwa kunusa kwanza, kisha kukiacha kipande kiyeyuke chenyewe juu ya ulimi bila kukitafuna, na kila mtu aandike alichokihisi kabla hajasikia cha mwenzake, maana mtu mmoja mwenye sauti akishasema "nasikia ndimu", meza nzima itasikia ndimu.

Ya Madagaska ilitambulika upesi kuliko zote. Ilikuwa na ukali wa ukwaju uliokuja mara tu kipande kilipoanza kulainika, ukafuatiwa na utamu wa matunda, na uchungu ulikuwa mdogo kuliko tulivyotarajia. Ya Kilombero nayo ilikuwa na uchachu, ila mpole zaidi, wa zambarau zilizoiva, na ilipokwisha kinywani iliacha harufu ya zabibu kavu ambayo wengi wetu tuliiandika bila kusikilizana. Kwenye ya Virunga tuligawanyika, wengine wakiipenda kwa uzito wake na wengine wakiiona nzito kupita kiasi. Ya Mababu ilikuwa tulivu kuliko zote, utamu wake ukiwa wa tende na asali, na ukakasi kidogo mwishoni ambao mimi binafsi niliupenda.

Ninaloona kubwa kuliko yote ni ile tofauti ya Ambanja na Kilombero. Kiwanda ni kimoja, sukari inaongezwa kwa kiwango kile kile, na hakuna kiungo cha tatu. Tofauti iliyotufanya tujaze karatasi za maelezo haikuanzia San Francisco. Ilianzia kwenye aina ya miti, kwenye udongo na mvua, na zaidi sana kwenye yale yaliyofanyika katika siku chache baada ya matunda kupasuliwa.

Dada mmoja katika kundi letu amekulia Kyela, kwenye shamba la wazazi wake ambako mikokoa ilipandwa chini ya kivuli cha migomba. Utotoni walikuwa wakipasua tunda na kumung'unya ule utelezi mweupe mtamu unaozunguka mbegu, kisha mbegu zikaenda kuvundikwa, zikaanikwa, zikauzwa, na habari za kokoa zikaishia hapo. Chokoleti iliyotoka kwenye ardhi ya kwao hakuwahi kuionja hadi asubuhi ile. Aliposhika kipande cha sahani ambayo hakujua ni ya wapi, alikinusa muda mrefu, akakivunja, akanusa tena pale kilipovunjikia, ndipo akasema, "Hii haikuharakishwa. Imelala kwenye sanduku siku zake zote." Karatasi ilipofunuliwa ilikuwa ya Mababu. Sidai kwamba alitambua wilaya kwa pua. Alitambua kazi, kwa sababu kazi hiyo aliifanya kwa mikono yake tangu akiwa msichana, na kati yetu wote ndiye pekee aliyejua kwa nini harufu ile ipo.

Naomba nilieleze hilo la kuvundika, kwa kuwa ndipo hoja yangu ilipo. Mbegu mbichi ya kokoa haina ladha ya chokoleti hata kidogo. Ni chungu, ina ukakasi, na ukiikaanga hivyo hivyo itabaki chungu na yenye ukakasi. Mkulima huzitoa mbegu pamoja na utelezi wake, akazirundika kwenye sanduku la mbao na kuzifunika kwa majani ya migomba. Chachu zilizomo hewani na kwenye maganda hula sukari ya ule utelezi na kutoa kileo, kisha bakteria hukigeuza kileo kuwa siki, na rundo hupata joto linaloweza kufika nyuzi 45 hadi 50. Joto hilo na siki hiyo huiua mbegu na kupenya ndani yake, na humo ndimo hutengenezwa vitu ambavyo baadaye, moto wa kukaangia ukivikuta, huwa harufu na ladha tunayoiita chokoleti. Kazi hii huchukua siku 5 hadi 7, na rundo lazima ligeuzwe ili mbegu za katikati na za pembeni zipate joto sawa. Ukilikatisha, ukakasi hubaki. Ukilipitisha muda, harufu ya kuoza huingia. Baada ya hapo mbegu huanikwa hadi unyevu ubaki asilimia 7 hivi, na hapo napo pana mtihani wake, hasa kwenye eneo la mvua nyingi kama Kyela, maana kokoa iliyokaushwa juu ya moshi hubeba harufu ya moshi hadi mwisho, na hakuna fundi wa chokoleti atakayeweza kuiondoa.

Kwa hiyo mkulima hatoi malighafi tu. Anaifanya nusu ya kazi ya chokoleti, na pengine ile nusu ngumu zaidi, bila kipimajoto na bila kuambiwa na mtu yeyote matokeo yake yalikuwaje. Mwanamke anayegeuza sanduku lake kila baada ya siku mbili na jirani yake aliyezianika mbegu siku ya pili kwa kuwa alihitaji fedha za ada hufika kwenye ghala moja la chama cha msingi cha ushirika, mizigo yao ikapimwa uzito na unyevu, ikaunganishwa na ya wenzao, na kwa kawaida wakalipwa bei moja ya mnada. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima huweka mzigo ghalani akapewa hati yake hadi uuzwe, na minada inayoendeshwa kwa mtandao umewasaidia wakulima kuona bei waziwazi na kuwapunguza madalali, na sitaki barua hii isomeke kama ya kuupinga. Hata hivyo mizani haionji. Pale ambapo uangalifu na uharaka vinalipwa sawa, mtu mwenye shida ya haraka atachagua uharaka, na hatuna haki ya kumlaumu.

Wenzetu wa kahawa walishalitambua hili zamani. Kahawa yetu huonjwa na wataalamu Moshi kabla ya mnada, kila sampuli ikakaangwa, ikasagwa, ikamiminiwa maji ya moto na kupewa daraja, na mnunuzi anajua anachokinunua. Chai nayo ina waonjaji wake. Sioni sababu ya kokoa, ambayo ladha yake hutegemea mikono ya mkulima kwa kiasi kile kile, kuuzwa kana kwamba ni kokoto.

Hata kabla ya kuonja kuna kipimo rahisi ambacho kila chama cha msingi kinaweza kukifanya kikamilifu. Mbegu 300 huchukuliwa kutoka kwenye mzigo, zikakatwa katikati kwa urefu, na rangi ya ndani ikatazamwa. Ya kahawia yenye mipasuko imevundikwa sawasawa. Ya zambarau haijakamilika. Ya kijivu na ngumu haikuvundikwa kabisa. Kinachotakiwa ni kisu, mwanga wa kutosha na mtu mwaminifu. Kuonja kunahitaji zaidi kidogo: jiko la kukaangia, chombo cha kusagia mbegu hadi ziwe rojo, na watu waliofundishwa. Vifaa hivyo si vya mabilioni, na nchi hii haina uhaba wa mahali pa kuviweka. Chuo Kikuu cha Sokoine kiko Morogoro, mkoa ule ule wa Kilombero, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole kiko Mbeya, mkoa ule ule wa Kyela. Ningependa kuona vijana wa Kyela wenyewe wakifundishwa uonjaji, kwa sababu yule dada yetu alinidhihirishia kwamba mtu aliyekulia kwenye kokoa ana hazina ya kumbukumbu za harufu ambayo sisi wa mjini hatuna.

Kuna mifano ya kuigwa tayari. Kokoa Kamili, iliyoanza kazi Mbingu mwaka 2013, ilichukua njia ya kununua mbegu mbichi kwa wakulima na kuzivundika pamoja kwenye masanduku yake, ili mzigo wote uwe wa kiwango kimoja, na ndiyo maana jina la kampuni iliyo kijijini Kilombero linasomeka kwenye chokoleti za Marekani. Najua kwamba Kyela kununua kokoa mbichi kuna jina baya, na kwa haki kabisa, kwa kuwa walanguzi wamekuwa wakiwafuata wakulima wenye shida na kuwapa bei ya kutupa. Lakini ubaya wa ulanguzi uko kwenye bei, na mbegu mbichi inayonunuliwa kwa bei nzuri ili ivundikwe kwa ustadi ni jambo jingine. Ushirika wenyewe ungeweza kufanya hivyo kwa niaba ya wanachama wake.

Mfano wa Mababu unanigusa zaidi. Shawn Askinosie, mwanasheria aliyeacha uwakili akawa mtengenezaji wa chokoleti, hununua moja kwa moja kwa kikundi cha wakulima wa huko, huwapa sehemu ya faida, huwaeleza hesabu za biashara yenyewe, na huwapelekea chokoleti iliyotokana na kokoa yao ili waionje. Hilo la mwisho lingeweza kuonekana kuwa ni zawadi tu ya heshima. Mimi naliona kuwa ndilo somo la kilimo lenye nguvu kuliko semina yoyote, kwa kuwa mkulima aliyeonja ukakasi wa kokoa iliyoharakishwa na kuulinganisha na utamu wa ile iliyotunzwa hahitaji bwana shamba wa kumwimbia kuhusu siku 5 au 7.

Najua nitaambiwa kwamba soko la chokoleti za namna hii ni dogo. Ni kweli, na tena bei yake inaweza kumpotosha mtu. Chokoleti moja ya Dandelion ya gramu 56 imekuwa ikiuzwa karibu dola 10 za Marekani, na kilo moja ya kokoa kavu, ikishakaangwa na kumenywa, inatosha kutengeneza chokoleti kama 19 za aina hiyo. Mtu akizidisha harakaharaka atadhani mkulima anaibiwa mchana kweupe, akisahau kodi ya jengo, mishahara, mashine na faida ya muuza duka katika nchi yenye gharama kubwa. Sijengi hoja yangu juu ya hesabu hiyo. Naijenga juu ya yale tuliyoyaona sokoni hivi karibuni. Mwezi Machi 2024 bei ya kokoa katika soko la New York ilivuka dola 10,000 kwa tani kwa mara ya kwanza, na Desemba mwaka huo ikapita dola 12,000, kwa sababu ya hali mbaya ya hewa na magonjwa ya miti huko Afrika Magharibi. Mwaka 2025 ikashuka sana. Wakati bei iko juu kila mbegu inanunuliwa, nzuri na mbaya. Inaposhuka, mnunuzi mkubwa anaweza kuhamia popote, lakini yule anayetafuta ladha ya Mababu hana pa kuipata isipokuwa Mababu. Kwa nchi kama yetu, ambayo kokoa yake ni kidogo mno kuweza kushindana na Ghana kwa wingi, hiyo ndiyo kinga tuliyo nayo.

Tena kuitenganisha mizigo kwa vijiji hakutakuwa tena hiari ya wapenda chokoleti peke yao. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu bidhaa zinazohusishwa na ukataji wa misitu inataka kokoa inayoingia huko ijulikane imetoka kwenye shamba lipi, na ingawa utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, vyama vyetu vitalazimika kuandaa kumbukumbu hizo. Kama tutajua gunia limetoka wapi, ni hasara tupu kutokujua lina ladha gani.

Kuhusu kutengeneza chokoleti hapa kwetu sitasema mengi, ingawa tunayo mifano ya karibu. Madagaska ina Chocolaterie Robert tangu mwaka 1940. Mutwanga, karibu na Beni, katika eneo la Kongo ambalo halijapata amani kwa miaka mingi, kuna kiwanda kidogo kinachotengeneza chokoleti kwa kokoa ya wakulima wanaolizunguka pori la Virunga. Hapa Dar es Salaam wapo Chocolate Mamas. Wanahitaji wanunuzi wenye ndimi zinazojua tofauti, na wanunuzi hao hupatikana kwa watu kukaa pamoja na kuonja, jambo ambalo naliomba kwa wasomaji wenzangu kwa moyo wangu wote, iwe kazini, kwenye vikundi vya akina mama au mashuleni.

Ombi langu kwa mamlaka inayosimamia mazao mchanganyiko, kwa vyama vikuu vya ushirika na kwa halmashauri za wilaya zinazolima kokoa ni hili: kwa kuanzia na chama kimoja cha Kyela na kimoja cha Kilombero, mizigo ya wanachama ipimwe kwa kukatwa na kuonjwa, ipangwe kwa madaraja, na tofauti ya bei ionekane kwenye malipo ya mkulima wa msimu huo huo. Na kila mnunuzi wa nje anayeweka jina la kijiji chetu kwenye karatasi ya chokoleti yake aandikiwe sharti kwenye mkataba kwamba atatuma boksi la chokoleti hiyo kijijini kabla ya msimu unaofuata, ikaonjwe kwenye mkutano mkuu wa wanachama, huku mbegu za mzigo ulioitengeneza zikiwa zimekatwa na kuwekwa mezani pembeni yake.

Ni mimi msomaji wako,
Dar es Salaam